Seti ya kutia skafu za hariri rangi za mimea: vifaa vizuri, kijitabu kibovu

Ndani ya boksi kuna skafu mbili nyeupe za hariri, sentimita 90 kwa 90, pakiti ya shabu gramu 20, kipakiti cha salfeti ya chuma gramu 5, na rangi tano: unga wa mizizi ya rubia, reseda kavu iliyokatwakatwa, vipande vya mti wa kampeche, manjano (ile bizari ya jikoni), na chupa ya chembechembe za nili pamoja na pakiti zake mbili za kuiamshia. Kuna pia glavu, mipira ya kufungia, vibao viwili na kijitabu cha kurasa 12. Kipimajoto hakuna, mizani hakuna, na karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha tindikali au alkali majini, hakuna. Ukisoma kijitabu utaelewa ni kwa nini: waliokiandika hawakuona haja ya kupima kitu.

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: seti inafaa kununuliwa, ila kijitabu kiwekwe pembeni. Ukikifuata ukurasa kwa ukurasa utapata skafu ya kahawia, nzito mkononi, ambayo hukuiomba. Malighafi zile zile, zikipimwa na kuchungwa moto, zinatoa nyekundu na buluu za kukaa miaka.

Tuanze na hariri, maana ndiyo sehemu bora ya boksi. Ni habotai, aina ya hariri nyembamba na laini, ya momme 8. Momme ni kipimo cha uzito wa hariri, na momme 1 ni takriban gramu 4.3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo skafu ya ukubwa huu inatakiwa kuwa na gramu 28 hivi ikiwa kavu. Zilipowekwa kwenye mizani, moja ilikuwa 28 na nyingine 27. Uzi mmoja uliochomolewa ukingoni na kuwashwa uliungua polepole, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ukaacha majivu yanayovunjika kwa vidole. Poliesta ingeyeyuka na kuganda kama shanga. Basi hariri ni hariri. Kasoro iko kwenye pindo: limeshonwa kwa mashine, na uzi wake ni wa poliesta. Uzi huo haunywi rangi ya mimea hata kidogo. Baada ya saa nzima kwenye rubia, kitambaa kinatoka chekundu huku mishono imebaki mieupe pe, mstari mwembamba unaozunguka pande zote nne. Wapo watakaoupenda. Asiyeupenda afumue pindo kabla ya kuanza na kulikunja upya kwa uzi wa hariri, kazi ya jioni moja.

Kijitabu kinasema skafu "isuuzwe" kisha iingie kwenye rangi. Haitoshi. Hariri mpya hubaki na ute wa asili wa kiwavi wa hariri na dawa za kiwandani, na penye mabaki hayo rangi haipenyi. Ilowekwe nusu saa katika maji ya nyuzi 60 yenye tone la sabuni isiyo kali, isuuzwe mara mbili, kisha ijaribiwe: dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikiwa kimekauka. Likinywewa mara moja, endelea. Likisimama kama lulu, rudia kuosha. Usitumie magadi kuisafisha, hata kama ndivyo unavyofanya kwa pamba. Hariri ni protini kama nywele, na magadi makali huila.

Sasa shabu. Watu hununua seti hizi kwa ajili ya zile pakiti za rangi, lakini pakiti nyeupe isiyo na mvuto ndiyo inayoamua kama rangi itabaki. Alumini iliyo ndani ya shabu hujishikiza kwenye uzi wa hariri, kisha rangi hujishikiza kwenye alumini. Bila hiyo rubia, reseda na kampeche hupaka tu juu juu na kuondoka na maji ya kwanza. Kipimo cha hariri ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa kitambaa kikavu. Kwa skafu ya gramu 28, asilimia 12 ni gramu 3.4. Kijitabu kinaagiza "vijiko viwili vya chai vilivyojaa", ambavyo ni karibu gramu 10, yaani mara tatu ya kinachohitajika. Ziada hiyo ina madhara mawili. Kwanza, kitambaa kinakuwa kikavu na chenye kukwama vidoleni, ule utelezi wa hariri unapotea. Pili, shabu isiyopata pa kukaa inabaki majini, inakamata rangi huko huko, na unaishia na unga wa rangi chini ya sufuria badala ya rangi kwenye skafu. Na kwa kipimo hicho pakiti inakwisha kwa skafu mbili, ilhali gramu 20 zinatosha karibu sita.

Kama mizani yako haisomi sehemu za gramu, yeyusha gramu 10 za shabu katika mililita 100 za maji moto, kisha chota mililita 34 kwa kila skafu. Mimina katika lita 2 za maji ya vuguvugu ya nyuzi 40, koroga, tumbukiza skafu iliyokwisha kulowa, igeuzegeuze dakika kumi, funika na uiache usiku kucha bila moto. Hariri haihitaji kuchemshwa na shabu kama sufu inavyochemshwa. Asubuhi ikamue taratibu, isuuze mara moja, na iingie kwenye rangi ikiwa bado mbichi. Ikikaushwa inaweza kusubiri wiki kadhaa, mradi ilowekwe tena saa nzima kabla ya kutumika. Sehemu iliyoingia kavu hunywa rangi kwa kuchelewa, na hapo ndipo mabaka yanapotoka. Malalamiko mengi ya "rangi imeshika vibaya" yanaanzia kwenye kitambaa kilicholoweshwa dakika tano.

Rubia ndiyo nyota ya seti. Mizizi yake ina alizarini, kiini cha rangi nyekundu, na ndugu zake kadhaa, na kwa karne nyingi ilikuwa ndiyo nyekundu ya kutegemewa, hadi 1868 Wajerumani Graebe na Liebermann walipotengeneza alizarini maabara na mashamba ya rubia yakaanza kufa. Pakiti ina gramu 15, nusu ya uzito wa skafu, na inatosha. Unga umesagwa vizuri mno, jambo ambalo ni jema kwa kutoa rangi na baya kwa usafi: punje zikigusa hariri zinaacha vitone vyekundu visivyotoka. Ufunge kwenye soksi ya nailoni au kitambaa cha kuchujia, uloweke nusu saa kwenye lita moja ya maji ya nyuzi 60, ukamue, kisha ongeza maji yafike lita 2. Kama maji yako ni laini, ya mvua kwa mfano, weka gramu 1 ya chaki ya unga, kwa sababu rubia hupenda kalisi iliyo kwenye chaki na bila hiyo inabaki na uchungwa mwingi. Maji magumu ya kisima hayahitaji nyongeza.

Hapa ndipo kijitabu kinapofanya kosa kubwa kuliko yote: "chemsha dakika 45." Rubia ina rangi za kahawia pamoja na nyekundu, na za kahawia hutoka moto ukipita nyuzi 70. Kwenye maji yanayotokota, skafu ya majaribio ilitoka na rangi ya tofali lililolowa, na mng'ao wa hariri ulikuwa umefifia, maana hariri yenyewe huanza kupoteza mng'ao ikipita nyuzi 85 hivi. Njia iliyofanya kazi ni hii: skafu inaingia maji yakiwa nyuzi 40, moto unapandishwa polepole kwa dakika 45 hadi nyuzi 65, inakaa hapo saa moja, kisha jiko linazimwa na skafu inabaki ndani hadi asubuhi. Dakika 20 za mwanzo usiondoke. Geuza skafu kila mara ili mkunjo mmoja usikae juu ya mwingine. Matokeo ni nyekundu iliyoiva inayokaribia damu ya mzee. Na maji hayo usiyamwage: skafu ya pili yenye shabu ikiingia humo kwa utaratibu ule ule hutoka rangi ya matumbawe, na wapo watakaoipenda kuliko ya kwanza.

Reseda haina visa vingi. Ni mmea wenye luteolini, njano kali ya limau, na ndiyo njano ya mimea inayovumilia jua kuliko nyingi. Chemsha majani peke yake nusu saa, chuja, ongeza chaki kidogo uone njano ikipanda palepale, kisha tia skafu kwa saa moja chini ya nyuzi 80. Pakiti ya gramu 15 ni ndogo kidogo. Inatoa njano ya siagi, si ya limau. Ingekuwa mara mbili.

Kampeche, kwa upande wake, ni ya ukarimu wa ajabu. Vipande gramu 10 vilivyolowekwa usiku na kuchemshwa saa moja vilitoa zambarau nzito kwa skafu nzima, na vikachemshwa tena vikatoa ya pili. Tatizo ni tabia yake. Rangi hii inabadilika kwa tindikali na alkali: tone la ndimu linaacha doa la rangi ya chungwa, na sabuni kali inaivuta kwenye ubuluu. Tena juani hupauka na kwenda ukahawia. Kwa skafu ya kuvaliwa jioni ni sawa. Kwa skafu ya kila siku, inayoguswa na jasho na manukato shingoni, usiitegemee sana.

Kuhusu manjano, hatuoni sababu ya kuwekwa humu isipokuwa kujaza boksi. Inashika bila shabu, kwa dakika 20, na inatoa njano ya kung'aa kuliko zote tano. Mtu akiiona siku ya kwanza atadhani amepata dhahabu. Nusu ya kipande ilifunikwa kwa kadi na nusu ikaachwa wazi dirishani penye jua. Baada ya siku nne mstari wa kadi ulionekana toka upande wa pili wa chumba. Baada ya wiki mbili upande ulio wazi ulikuwa rangi ya maziwa. Na ukitaka kuona udhaifu wake wa pili, dondosha tone la maji ya sabuni ya kufulia juu yake: papo hapo panatokea doa jekundu kama la tambuu, kwa sababu kukumini, kiini cha rangi ya manjano hayo, hubadilika rangi kwenye alkali. Kijitabu hakitaji lolote kati ya haya. Zaidi ya hapo, kinashauri manjano ichanganywe na nili kupata kijani, kijani ambacho baada ya mwezi mmoja kitakuwa buluu yenye mawingu.

Katika jaribio lile lile la dirishani, kwa wiki mbili, rubia na nili hazikuonyesha mstari wowote. Reseda ilionyesha kivuli hafifu cha kutafuta kwa macho. Kampeche ilikuwa imechoka waziwazi.

Nili ndiyo sehemu ngumu, na hapa tuna lalamiko la ukweli kuhusu maandishi ya boksi. Kifuniko kinasema "rangi za mimea tu". Lakini chembechembe za nili zilizokwisha punguzwa oksijeni kiwandani, zinazoyeyuka papo hapo, kwa kawaida hutokana na nili ya kutengenezwa. Hilo si dhambi, kwa kuwa molekuli ya rangi ni ile ile, na nili ya kiwandani imekuwa sokoni tangu 1897. Nili ya mmea huja kama unga au tofali la buluu lisiloyeyuka majini, lenye uchafu wake, na inahitaji kuamshwa kwa saa au siku. Anayeweka chembechembe ni kwa sababu ni rahisi kwa mwanafunzi, na uamuzi huo ni wa busara. Ila aandike hivyo.

Nili haitaki shabu. Inataka maji yenye alkali na kitu cha kuondoa oksijeni, ndipo inapogeuka kijanimanjano na kuweza kuingia kwenye uzi. Ikitoka hewani inarudi buluu na kunasa humo ndani. Moja ya zile pakiti mbili ni magadi, nyingine ni kipunguza oksijeni. Kijitabu kinataka magadi yote yamiminwe kwenye lita 4 za maji. Kipimo hicho ni cha pamba. Kwa hariri tia kidogo kidogo huku ukipima kwa karatasi ya pH, na ukifika kati ya 9 na 10 acha. Hata robo ya pakiti haiishi. Chembechembe nazo ziende kijiko kimoja kwa kimoja, na moto usizidi nyuzi 40. Funika dakika 30. Ukifunua, usitazame povu la juu, ambalo ni buluu siku zote na lina utando unaong'aa kama shaba. Lisogeze kwa kijiko utazame chini yake. Maji yakiwa kijanimanjano na maangavu, yako tayari. Yakiwa buluu, hayajaamka, na skafu utakayotia humo itapata rangi ya juu juu ambayo itahamia kwenye kola ya shati jeupe.

Skafu iingie mbichi, ikiwa imekamuliwa, polepole kutoka pembeni ili isibebe mapovu, ikae dakika moja au mbili chini ya maji bila kugusa mashapo. Itoe ukiikamulia karibu kabisa na uso wa maji, kwa sababu kila tone linaloanguka kutoka juu linaingiza hewa na kuichosha nili. Inatoka kijani kibichi, na ukiwa umeishika unaona ubuluu ukianzia kwenye kona zilizo wazi na kutembea kuelekea kwenye mikunjo. Ipe hewa dakika kumi, uichovye tena. Michovyo mitano mifupi inatoa buluu inayodumu kuliko mchovyo mmoja wa dakika 20. Mwisho loweka dakika tano kwenye maji yenye kijiko cha siki kwa lita, ili kuua alkali iliyobaki, vinginevyo hariri inakuwa ngumu. Anayetaka kijani cha kudumu aanze na nili, asuuze kwa siki, ndipo atie shabu na reseda. Ukigeuza mpangilio huo, alkali ya nili inaivuruga ile kazi ya shabu na njano inatoka na mabaka.

Vibao na mipira ya kufungia, vya kubana mikunjo ili rangi itoe mchoro, ni vya kawaida. Mipira inakata hariri nyembamba ikikazwa sana. Uzi wa pamba ni bora. Kwa habotai mikunjo iwe michache, minne hadi sita, kwani kitambaa hiki chembamba hufyonza maji hadi ndani na mchoro mwingi huishia kuwa ukungu.

Salfeti ya chuma itendewe kwa heshima. Inatia giza rangi nyingi: reseda inakuwa zeituni, rubia inaelekea zambarau ya udongo, kampeche inakaribia weusi. Kipimo ni asilimia 1 ya kitambaa, yaani gramu 0.28 kwa skafu, ambayo mizani ya jikoni haioni. Yeyusha gramu 1 katika mililita 100, uchote mililita 28 uzitie katika lita 2 za maji ya vuguvugu, na skafu ikae dakika 10 tu. Kijitabu kinasema "kijiko kimoja". Kijiko kimoja ni zaidi ya mara kumi, na chuma kingi huozesha hariri taratibu. Hariri za karne ya 19 zilizoongezewa uzito kwa chumvi za madini leo zinapasuka zenyewe kwenye mikunjo. Tumia sufuria ya peke yake kwa chuma, kwa sababu masalio kidogo tu yataifanya rubia yako ijayo iwe na huzuni. Kipakiti hicho kikae mbali na watoto: kumeza salfeti ya chuma ni sumu ya hatari kwa mtoto mdogo, na kipakiti cha boksi hili hakina onyo wala kifuniko. Sufuria zote za kazi hii, ziwe za chuma cha pua au enameli, zisirudi kupikia chakula. Alumini tupu isitumike.

Baada ya rangi, kausha skafu kivulini na uiache siku tatu bila kuiosha. Kisha sabuni laini, maji ya baridi, pasi ya moto mdogo upande wa ndani ikiwa na unyevu. Maji ya kwanza yatatoa rangi kidogo hata kazi ikiwa imefanywa sawasawa. Maji ya tatu yakiendelea kutoka mekundu, shabu haikushika, na kurudia rubia juu yake hakutasaidia kabla ya kurudia shabu.

Pakiti zikiisha, hakuna haja ya kununua seti ya pili. Shabu, rubia na nili hupatikana peke yake kwa uzito. Njano iliyopungua kwenye seti hii unaweza kuifidia kwa maganda makavu ya vitunguu vya kahawia: gramu 28 zinajaza bakuli kubwa, unayachemsha nusu saa, unachuja, na skafu yenye shabu inatoka njano ya dhahabu iliyopikwa. Usichanganye na maganda ya vitunguu vyekundu, kwani hayo huvuta rangi kuelekea kijani cha kinamasi.